Baraza linaloshauri tu, bila kuamuru, linamsaidia nini mtu wa kijijini?

Swali la msomaji:

Shikamoo mtaalamu. Mimi ni mama wa mtoto wa miaka 9 mwenye mtindio wa ubongo, anatumia kiti mwendo. Tunaishi kijijini mkoani Tabora, na ni mjumbe wa kamati ya watu wenye ulemavu ya kijiji chetu. Shule yetu ilijengewa vyoo vipya. Cha watoto wenye ulemavu kipo, ila sakafu yake iko juu kama nusu mita na rampu yake, yaani ile njia ya mteremko ya kupandishia kiti, haifiki mita mbili. Mwanangu hawezi kupanda, na mimi nikimsukuma naogopa kiti kisije kikarudi nyuma. Tulipolalamika tuliambiwa hayo ni mambo ya sera, tuyapeleke kwenye Baraza la Taifa la Ushauri. Naomba kuelewa: Baraza hilo kazi yake ni nini hasa? Na kama waziri anaweza kuukataa ushauri wake, lina faida gani kwa mtu kama mimi?

Jibu:

Marahaba, mama. Nitaanza na choo kabla ya Baraza, kwa sababu haja ya mtoto haisubiri kikao.

Rampu ambayo mtu wa kiti mwendo anaweza kuipanda hujengwa kwa uwiano wa 1 kwa 12. Kila sentimita 1 ya kimo inadai sentimita 12 za urefu. Sakafu ikiwa juu sentimita 50, rampu inatakiwa iwe na mita 6. Ya kwenu haifiki 2. Hofu yako ni ya haki kabisa: kwenye mwinuko mkali namna hiyo uzito wa mtoto unahamia nyuma ya magurudumu makubwa, na kiti kinapinduka chali. Tafadhali usimpandishe tena hapo, hata mkiwa wawili.

Azima futi kamba kwa fundi yeyote, upime vitu vinne: kimo cha sakafu kutoka ardhini, urefu wa rampu, upana wa mlango ukiwa wazi, na nafasi iliyoko ndani. Mlango usipungue sentimita 80 za kupita, na 90 ni bora zaidi. Ndani kiti kinahitaji duara la kama mita 1.5 ili kigeuke. Vinginevyo mtoto ataingia mbele na kutoka kinyumenyume. Andika namba hizo kwenye daftari, pamoja na tarehe. Tutazirudia.

Sasa nije kwa huyo aliyewaambia kwamba hayo ni mambo ya sera. Amechanganya vitu viwili. Rampu ya shule yenu ni kazi ya ujenzi iliyofanywa vibaya, na wenye jukumu la kuirekebisha wako karibu nawe: kamati ya shule, mtendaji wa kijiji, halmashauri yenye mhandisi wake. Hao hawahitaji ushauri kutoka Dodoma ili kumwaga zege mita nne zaidi. Lakini swali la kwa nini rampu fupi zinajengwa, na kwa nini hakuna aliyeipima kabla fundi hajalipwa, hilo linazidi kijiji chenu. Hilo ndilo la Baraza. Mkipeleka la kwanza kwenye Baraza mtazunguka mwaka mzima bila jibu. Mkibaki na la pili kijijini, kijiji cha jirani nacho kitajengewa vivyo hivyo mwakani.

Baraza lenyewe ni hivi. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwezi Novemba 2009. Tayari tulikuwa na sera ya taifa ya mwaka 2004, lakini sera peke yake haimpeleki mtu mahakamani. Mwaka 2010 Bunge likatunga Sheria ya Watu wenye Ulemavu, Namba 9, na humo ndimo lilimozaliwa Baraza la Taifa la Ushauri la Watu wenye Ulemavu. Kazi yake kuu ni kumshauri waziri mwenye dhamana kuhusu sera na mipango inayowagusa watu wenye ulemavu, na kuangalia kama yaliyoandikwa yanafanyika. Ndani yake wanakaa watu wenye ulemavu kutoka vyama vyao pamoja na watu wa serikali.

Kuna jambo moja ambalo nadhani hamjaambiwa. Sheria hiyo hiyo iliyounda Baraza ndiyo iliyounda kamati yenu. Mnyororo wa kamati, kuanzia kijiji au mtaa mpaka mkoa, uliwekwa makusudi ili Baraza liwe na macho na masikio. Kwa hiyo usilione kama ofisi kubwa ya mbali ambayo ninyi mnakwenda kuiomba. Ninyi ni mwisho wa pili wa kamba ile ile. Kamati za chini zikinyamaza, Baraza linabaki kuzungumza mambo ya mjini, maana wajumbe wake watashauri kwa yale wanayoyaona njiani wanapokwenda kikaoni.

Unauliza, kama waziri anaweza kukataa, faida iko wapi? Ni swali zito na sitalipaka sukari. Ni kweli ushauri haumfungi. Waziri anaweza kuusoma akauweka pembeni. Anaweza pia kuukubali wote na bado asiufanye, kwa kuwa fedha ziko kwa mwingine. Ukiangalia vizuri, karibu kila kinachomuumiza mwanao kiko kwenye wizara nyingine. Shule za msingi ziko chini ya TAMISEMI. Mitaala na walimu wa elimu maalumu viko Elimu. Mazoezi ya viungo yako Afya. Fedha za vyote hivyo ziko Hazina. Waziri anayeshauriwa na Baraza hana hata jengo moja kati ya hayo.

Ndiyo maana mahali Baraza linapowekwa ni jambo kubwa kuliko linavyoonekana. Kwa miaka mingi masuala haya yalikuwa kwenye ustawi wa jamii, ndani ya wizara ya afya. Mtu mwenye ulemavu alihesabiwa kama mgonjwa au kama wa kusaidiwa. Mwaka 2015 yakahamishiwa Ofisi ya Waziri Mkuu, na Dk. Abdallah Possi, ambaye ni mtu mwenye ualbino, akateuliwa Naibu Waziri. Siku zile jina la wizara lilimalizikia na neno "Walemavu". Baadaye likaandikwa "Watu wenye Ulemavu", kama sheria inavyosema. Wapo walioona ni mabadiliko ya herufi tu. Mimi naona uhamisho ule ulikuwa na maana: Ofisi ya Waziri Mkuu inaratibu shughuli za serikali, kwa hiyo ina uzito wa kuziita wizara nyingine mezani na kuziuliza zimefanya nini. Wizara ya ustawi ilikuwa inaomba.

Basi nguvu ya chombo kinachoshauri inatoka wapi? Kwa uzoefu wangu inatoka kwenye vitu viwili: ushauri uwe mahususi kiasi kwamba kuukataa kunahitaji sababu, na ufike kabla uamuzi haujafungwa.

Chukua ujenzi wa shule. Mwaka 2021 na 2022 serikali ilijenga madarasa 15,000 kwa sehemu ya mkopo wa UVIKO-19 wa shilingi trilioni 1.3. Kazi kubwa namna ile, inayokwenda kasi na kujengwa na mafundi wa hapo hapo kijijini chini ya kamati za ujenzi, inategemea ramani moja inayosambazwa nchi nzima. Fundi anafuata karatasi aliyopewa. Karatasi ikisema tu "weka rampu" bila vipimo, kila fundi ataweka anayoijua yeye, mara nyingi inayoishia pale saruji ilipoishia. Karatasi ikisema "urefu wa rampu uwe mara 12 ya kimo cha sakafu, na kazi isipokelewe kabla haijapimwa", mtoto wa Tabora na wa Mtwara wote wamefikiwa kwa sentensi moja. Hakuna mzazi anayeweza kuiingiza sentensi hiyo kwenye ramani akiwa peke yake, na hakuna mahakama itakayoichora. Inaingizwa na mtu aliyekaa karibu na mchoraji na kumwambia kabla ramani haijasainiwa. Kazi ya ushauri ni hiyo, mama.

Sasa linganisha na ushauri wa aina nyingine, ambao nimeuona mara nyingi mno: "Serikali iboreshe mazingira ya watoto wenye ulemavu shuleni." Nani atakataa? Waziri ataukubali hapo hapo na kushukuru, na hakuna kitakachobadilika, kwa kuwa haukusema nani afanye nini lini. Ushauri wa jumla ni rahisi kukubaliwa kuliko kukataliwa, na hapo ndipo unapofia.

Kingine kinachouua ushauri ni namna vikao vinavyoendeshwa. Niliwahi kuwa mwandishi wa muhtasari kwenye kikao cha chombo kimoja cha ushauri. Jina lake nitalihifadhi. Makabrasha yaligawiwa asubuhi ile ile. Mjumbe asiyeona akapewa karatasi za maandishi ya kawaida kama sisi wengine. Akazikunja na kuziweka chini ya fimbo yake nyeupe. Mkalimani wa lugha ya alama alifika baada ya chai. Wakati huo tulikuwa tumeshapitisha ajenda ya pili, iliyohusu huduma za hospitali. Mjumbe kiziwi alipopata mkalimani akaomba ajenda ile irudiwe. Alitaka kueleza kitu ambacho hakuna hata mmoja wetu aliyekiwaza: dirishani wagonjwa wanaitwa kwa sauti, na kiziwi anakaa benchi tangu alfajiri akiangalia midomo ya muuguzi, mpaka foleni inaisha na jina lake limeshaitwa na kurukwa. Aliambiwa ajenda imefungwa. Kwenye muhtasari iliandikwa kwamba wajumbe wote waliafiki. Niliyeandika maneno hayo ni mimi, na hayajanitoka moyoni mpaka leo.

Mkataba ule wa Umoja wa Mataifa, ibara ya 4 kifungu cha 3, unazitaka nchi zishauriane kwa karibu na watu wenye ulemavu, wakiwemo watoto, kupitia vyama vyao. Wenyewe wanasema kwa kifupi: hakuna jambo letu bila sisi. Lakini kumweka mtu kwenye kiti si kumshirikisha. Mjumbe asiyeona apate makabrasha mapema, kwa nukta nundu au kwa faili ambalo simu yake inaweza kumsomea. Mjumbe kiziwi awe na mkalimani kuanzia dakika ya kwanza. Mjumbe mwenye ulemavu wa akili aelezwe kwa lugha nyepesi na apewe muda wa kufikiri. Hata kamati yenu ya kijiji ijiulize hivyo. Mkikutana kwenye ofisi ya kijiji yenye ngazi tatu mlangoni, nani mmemwacha nje?

Nimesema Baraza linahitaji macho. Macho hayo ni taarifa, na hapa ninyi mna kazi kubwa kuliko mnavyodhani. Sensa ya mwaka 2022 ilionyesha kuwa asilimia 11.2 ya watu wenye umri wa miaka 7 na kuendelea wana ulemavu wa aina fulani. Utafiti wa mwaka 2008 ulikuwa umetoa asilimia 7.8. Tofauti hiyo isikufanye useme tu kwamba ulemavu umeongezeka. Namna ya kuuliza nayo inabadilisha hesabu, na nimeliona hilo kwa macho yangu nyumba hadi nyumba.

Ukipiga hodi ukauliza, "Humu kuna mlemavu?", mwenye nyumba atasema hapana. Labda anaona aibu, labda anaogopa. Tusisahau hofu ambayo familia zenye watoto wenye ualbino zimeishi nayo katika kanda zetu. Au hadanganyi: bibi yake haoni vizuri lakini kwake huo ni uzee. Ndiyo maana wataalamu wa takwimu wanatumia maswali sita yasiyotaja neno ulemavu kabisa. Je, una shida ya kuona, hata ukivaa miwani? Kusikia, hata ukiwa na kifaa cha kusikia? Kutembea au kupanda ngazi? Kukumbuka au kuwa makini? Kujihudumia, kama kuoga na kuvaa? Kuelewa wengine na kueleweka kwa lugha yako ya kila siku? Na jibu si ndiyo au hapana. Ni hakuna shida, shida kiasi, shida kubwa, au hawezi kabisa. Wataalamu kwa kawaida huanza kuhesabu kwenye shida kubwa.

Kamati yenu ikizunguka na maswali hayo sita na daftari moja, kwa ruhusa ya mtendaji na kwa kutunza siri za watu, mtapata kitu ambacho hata wilayani huenda hawana: watoto wangapi wa umri wa shule hawawezi kutembea, wangapi kati yao wameandikishwa, na wangapi waliacha. Shule ikiwa na watoto watatu wa kiti mwendo na wawili hawaji kwa sababu ya choo, namba hiyo ina nguvu kuliko barua ya kurasa kumi ya kulalamika.

Nije kwenye muda, maana hapa ndipo wengi wanapokosea. Mwaka wa fedha wa serikali unaanza tarehe 1 Julai. Bunge la bajeti linaanza Aprili, na hotuba ya bajeti inasomwa katikati ya Juni. Watu wengi huamka Mei, redio inapoanza kutaja mabilioni, na hapo wanaandika barua. Wamechelewa. Mwongozo wa kuandaa mpango na bajeti kwa kawaida unajadiliwa bungeni mwezi Novemba wa mwaka uliotangulia, na vijiji na kata vinatakiwa kuwa na vipaumbele vyao katika kipindi hicho hicho. Baraza likitaka wizara ya fedha itenge fungu, linatakiwa liwe limeshasema kabla ya mwongozo huo kutoka. Ili liweze kusema Septemba au Oktoba, taarifa za kamati za chini ziwe zimefika Julai na Agosti. Kwa hiyo daftari lenu lianze kujazwa mara mvua zikiisha, siyo mnapokumbushwa.

Kuna mambo ambayo hayatakiwi kwenda kwenye Baraza, na nitayapitia upesi. Mtoto akinyimwa kuandikishwa shule kwa sababu ya ulemavu wake, au mtu akidhulumiwa haki yake na ofisi ya umma, mlango ni Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora. Tume hiyo imetajwa kwenye Katiba, ina mamlaka ya kuchunguza, na Baraza halina. Mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani, ambayo asilimia 2 ni ya watu wenye ulemavu, iko halmashauri kwa afisa maendeleo ya jamii. Vyama kama CHAVITA cha viziwi, TLB ya wasioona au TAS ya watu wenye ualbino, na shirikisho lao SHIVYAWATA, ni sauti huru za wenyewe. Vinaweza kuisema serikali hadharani, jambo ambalo chombo kilicho ndani ya serikali hakiwezi kulifanya kwa uhuru ule ule. Ninyi mnavihitaji vyote viwili, vyama na Baraza. Mjumbe wa Baraza aliyetoka kwenye chama chenye nguvu anazungumza akijua kuna watu nyuma yake.

Ndugu zetu wa Zanzibar wana sheria yao tangu mwaka 2006 na baraza lao wenyewe, kwa kuwa jambo hili si la Muungano. Na ukisikia jamaa wa Kenya anasema baraza lao linampa kadi na kumsaidia apate msamaha wa kodi, hadanganyi. Lile liliundwa na sheria ya mwaka 2003, iliyobadilishwa na sheria mpya ya mwaka 2025, na lina kazi za utendaji: linasajili watu, lina mfuko. Letu linashauri. Usilipime kwa kazi ambazo halikupewa.

Ila nisikuache ukidhani kushauri ni kazi ndogo inayofanywa na wasio na mamlaka. Sheria ile ya 2010 inasema mwajiri mwenye wafanyakazi 20 na zaidi aajiri watu wenye ulemavu wasiopungua asilimia 3. Kwa mwenye wafanyakazi 100 hesabu ni nyepesi, ni watu 3. Kwa mwenye 20, asilimia 3 ni 0.6. Mtu hagawanyiki. Ni mmoja au hakuna? Mwajiri asiyetaka atasema hakuna, na afisa kazi aliyekwenda kukagua atamjibu nini kama hajapewa mwongozo? Nani anathibitisha kwamba aliyeandikwa kwenye orodha kweli ana ulemavu, na kweli anakuja kazini? Maswali ya namna hii yanaamua kama kifungu kinaishi au kimelala, na hayaulizwi bungeni wala mahakamani mpaka pawe na mtu aliyeyakusanya, akayapanga, akamwekea waziri mezani pamoja na maneno ya kanuni anayotakiwa kuisaini. Dhamana ya kazi na dhamana ya watu wenye ulemavu kwa miaka mingi zilikuwa chini ya waziri mmoja, kwa hiyo miaka hiyo Baraza halikuwa na hata kisingizio cha wizara nyingine.

Kinachonisumbua zaidi ni ukimya baada ya ushauri. Baraza likishauri, wananchi hatujui limeshauri nini, wala waziri amejibu nini. Ningependa iwe desturi, na ikiwezekana iandikwe kwenye sheria, kwamba waziri akikataa ushauri aseme sababu zake kwa maandishi, na ushauri na majibu vibandikwe hata kwenye mbao za matangazo za kata. Waziri bado angekuwa na uhuru wa kukataa. Lakini kukataa kwa kuandika sababu ni kugumu kuliko kukaa kimya, na sababu ikishaandikwa mtu anaweza kuijibu. Kama tatizo ni fedha, tujue ni kiasi gani. Kama ni wizara nyingine, tujue ni ipi, tuifuate huko.

Haya, turudi kwenye daftari lako. Andikeni barua mbili, siyo moja.

Ya kwanza iende kwa mwenyekiti wa kamati ya shule na mtendaji wa kijiji, nakala kwa mhandisi wa halmashauri na afisa ustawi wa jamii. Iwe fupi. Kimo cha sakafu hiki, urefu wa rampu huu, unaotakiwa huu, mtoto wa darasa fulani hawezi kutumia choo, tunaomba irefushwe kabla ya muhula mpya. Usiweke jina la mtoto, darasa linatosha. Kama uwanja hauna nafasi ya mita 6 moja kwa moja, rampu inaweza kukunjwa katikati, ila pale inapokunjwa paachwe sehemu tambarare ya mita 1.5 ili kiti kigeuke na mtoto apumzike. Pembeni iwekwe vyuma vya kushika, na sakafu ikwaruzwe kabla saruji haijakauka isiteleze mvua ikinyesha. Mambo haya fundi wa kijijini anayaweza, akielezwa tu. Na ombeni jambo hili liingizwe kwenye ajenda za mkutano mkuu wa kijiji, ambao hukaa kila baada ya miezi mitatu, ili lijadiliwe mbele ya watu wote.

Ya pili iandikwe na kamati kwenda kamati ya halmashauri, mkiomba ipandishwe mkoani na kufika kwenye Baraza. Hapo msiililie rampu ya kwenu peke yake. Kabla ya kuiandika, waombeni wenzenu wa vijiji viwili au vitatu vya jirani wapime vyoo vyao kwa futi kamba ile ile. Mkipata kwamba shule nne zimejengwa na rampu tatu hazipandiki, mmeshatoka kwenye malalamiko ya mama mmoja. Ombi lenu liwe moja: vipimo viandikwe kwenye ramani, na hati ya kupokea jengo isisainiwe kabla mjumbe wa kamati ya watu wenye ulemavu hajaipima rampu na kuweka sahihi yake.

Peleka barua zote mbili kwa mkono. Uwe na nakala, na usiondoke dirishani kabla nakala yako haijagongwa muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Baada ya siku 30, kama kimya, rudi na nakala hiyo mkononi.